Jua Linapolipuka Alasiri, Nani Hulitazama?

Alhamisi ya tarehe 3 Oktoba 2024, Wakenya walikuwa na gumzo moja tu: hoja ya kumng'oa naibu rais, na vikao vya kukusanya maoni ya wananchi vilivyokuwa vianze kesho yake. Saa tisa na dakika kumi na nane alasiri, Jua lililipuka. Ulikuwa mlipuko wa daraja la X9.0, mkubwa kuliko yote iliyokuwa imepimwa katika mzunguko wa sasa wa Jua, ule ulioanza Desemba 2019. Machakos, Jua lilikuwa limeshapita utosini na kufika nusu ya safari yake ya kwenda kuchwa.

Dunia ina mitambo michache mikubwa inayoweza kulipiga Jua picha kwa mawimbi ya redio ya maikrowevu kwa kuunganisha antena nyingi. Mmoja uko Badary, Siberia. Wa pili uko Mingantu, katika Mongolia ya Ndani, Uchina. Wa tatu uko bonde la Owens, California. Dakika ile Siberia na Uchina zilikuwa gizani, na California alfajiri ilikuwa haijapambazuka. Setilaiti zilipima mionzi ya eksirei na vituo vya Ulaya vilinasa kelele za redio, lakini kati ya mitambo hiyo mitatu hakuna hata mmoja uliokuwa na Jua mbele yake.

Afrika nzima ilikuwa mchana. Makala haya yanahoji kwa nini bara lililomulikwa na tukio hilo halikuwa na jicho la namna hiyo, na kwa nini kaunti kama Machakos ina sababu ya kulitaka.

Dishi la paani husikia Jua

Ukitoka steji ya matatu ya Machakos kuelekea Mumbuni, utayaona madishi ya televisheni juu ya mabati, na mengi yamelala karibu chali. Sababu ni jiografia. Setilaiti inayotumiwa sana kwa televisheni ya kulipia hapa kwetu imetulia juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki. Machakos iko kwenye nyuzi 37 na robo mashariki, nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu utosini mwetu, na dishi lazima litazame juu.

Mtazame fundi akilifunga. Huunganisha kipimio kidogo chenye mshale kati ya waya na LNB, kile kichwa kilichoshikiliwa na mkono mbele ya dishi. Kisha hulisogeza dishi polepole, kidogo kushoto, kidogo juu, hadi mshale upande na kipimio kilie. Lakini akiligeuza dishi lilelile likaelekea Jua, mshale hupanda pia, ingawa huko hakuna stesheni yoyote. Kinachousukuma ni Jua lenyewe. Katika masafa ya gigahezi 11 hivi, ambayo LNB hupokea, Jua hutoa kelele inayoizidi mara kadhaa kelele ya kawaida ya kifaa.

Mara mbili kwa mwaka jambo hili hutokea bila fundi kugusa kitu. Siku chache kabla na baada ya tarehe 20 Machi na 22 Septemba, Jua hupita nyuma ya setilaiti. Septemba huwa mnamo saa sita na nusu mchana, na Machi huwa kama robo saa baadaye. Kwa dakika chache picha inaweza kuganda au kukatikakatika hata kama hakuna wingu. Wengi hulaumu kampuni au kushuka kupigapiga king'amuzi. Ukweli ni kwamba kwa muda huo mfupi dishi limegeuka darubini ya redio, na linapokea mawimbi kutoka umbali wa kilomita milioni 150.

Kelele iliyodhaniwa ni adui

Binadamu walilisikia Jua kwa redio wakiwa vitani, na jambo la kwanza walilofanya ni kumshuku adui. Mwishoni mwa Februari 1942, rada za jeshi la Uingereza zilizibwa na kelele. Majuma mawili kabla Wajerumani walikuwa wamezivuruga rada za Waingereza ili meli zao za kivita zipite kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa. James Stanley Hey, mwanasayansi aliyepewa kazi ya kuchunguza, aligundua kwamba chanzo cha kelele kilihama angani pamoja na Jua, na kwamba siku hizo Jua lilikuwa na doa kubwa. Habari hiyo ilifichwa hadi vita vilipokwisha.

Kisa kama hicho kilijirudia tarehe 23 Mei 1967, tena kwa hatari kubwa zaidi. Rada tatu za Marekani za kutahadharisha juu ya makombora, zilizokuwa Alaska, Greenland na Uingereza, zilizibwa kwa wakati mmoja. Makamanda walidhani Wasovieti wamezivuruga ili washambulie, na ndege zenye silaha za nyuklia zikaanza kuandaliwa. Kilichowatuliza ni taarifa ya watabiri wa hali ya Jua waliokuwa wameuona mlipuko. Kikundi kidogo cha watu waliokuwa na kazi ya kulitazama Jua kila siku kilisaidia kuinusuru dunia na balaa.

Kujua kwamba Jua linapiga kelele ni jambo moja. Kujua kelele inatoka sehemu gani ya Jua ni jambo jingine, na hapo ndipo intaferometria inapoingia.

Antena moja ndogo haioni vizuri. Dishi la sentimita 90 kwenye gigahezi 11 huona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi mbili hivi, ilhali Jua lote lina upana wa nusu nyuzi. Kwa dishi hilo, Jua ni nukta tu. Ukitaka kuona madoa kwa dishi moja utahitaji dishi kubwa ajabu. Njia rahisi zaidi ni kutumia antena mbili zilizoachana na kujumlisha kinachopokewa na kila moja. Mawimbi kutoka upande mmoja wa anga yakifika kwenye antena zote mbili kwa pamoja, yanaongezeana nguvu. Yakifika moja likipanda huku jingine likishuka, yanauana. Aliyewahi kuhudhuria harusi yenye spika mbili kubwa uwanjani anajua: ukitembea mbele yake, kuna mahali besi inakupiga kifuani, na hatua chache mbele inafifia. Jua likisafiri angani hupita katika milia ya namna hiyo, nguvu na udhaifu, na mtambo huchora mawimbi yake kwenye karatasi au kompyuta. Kadiri antena zinavyoachana, ndivyo milia inavyokuwa myembamba na ndivyo mtambo unavyoona vitu vidogo zaidi.

Aliyekuwa mstari wa mbele katika kulitumia wazo hili kuchunguza anga ni mwanamke wa Australia, Ruby Payne-Scott. Tarehe 26 Januari 1946, kwenye jabali la Dover Heights karibu na Sydney, alilifuatilia Jua likichomoza baharini kwa antena ya rada. Antena ilikuwa moja, lakini bahari iliakisi mawimbi na kuwa kama antena ya pili. Yeye na wenzake walionyesha kwamba kelele kali ilitoka katika eneo dogo penye madoa, wala haikutoka kwenye uso wote wa Jua. Miaka michache baadaye, ilipojulikana kazini kwamba ameolewa, alinyang'anywa ajira ya kudumu kwa mujibu wa sheria za utumishi za wakati huo. Mbinu aliyoianzisha imebaki.

Kwa nini maikrowevu

Uso wa Jua tunaouona kwa macho una joto la nyuzi kama 5,500 za Selsiasi. Ukilitazama kwa mawimbi ya maikrowevu unaona tabaka lililo juu ya uso huo, ambalo ni la joto zaidi, nyuzi 10,000 na kuendelea. Juu ya madoa, ambako nguvu ya sumaku ni kubwa, elektroni huzungushwa na sumaku hiyo na kutoa mawimbi makali sana. Kwa kulinganisha picha za masafa mbalimbali, wataalamu hukadiria nguvu ya sumaku katika korona ya Jua, jambo ambalo ni gumu mno kwa darubini ya mwanga. Na mlipuko unapotokea, elektroni zinazorushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga hujitangaza kwanza kwa eksirei na maikrowevu.

Habari hizo hutufikia baada ya dakika nane na ushei. Wingu la gesi yenye umeme ambalo Jua huweza kulitema baada ya mlipuko hufika siku moja hadi tatu baadaye. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa kazi hii thamani, kwa sababu anayesikia mapema ana muda wa kujiandaa. Ukambani kuna kumbukumbu za watabiri. Mmoja wao, Syokimau, anasimuliwa hadi leo kwamba aliiona reli kabla haijafika. Utabiri wa hali ya Jua hauhitaji ndoto, ila unahitaji mtu wa kupima kila siku bila kukosa.

Wakanada wanaijua kazi hiyo. Tangu 1947 wamekuwa wakipima nguvu ya Jua kwenye urefu wa wimbi wa sentimita 10.7, kazi iliyoanzishwa na Arthur Covington mjini Ottawa na ambayo leo hufanyika Penticton, mara tatu kwa siku. Namba hiyo moja hutumiwa na wanaokadiria namna setilaiti zinavyoburutwa na hewa nyembamba ya juu, kwa kuwa Jua likichachamaa hewa hiyo hutanuka.

Pengo la alasiri

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Kule Nobeyama mwaka 1992 walizindua mtambo wa antena 84 zilizopangwa kwa umbo la herufi T, mkono mrefu ukiwa na mita 490. Kila antena ilikuwa na kipenyo cha sentimita 80. Narudia: sentimita 80, ukubwa wa dishi la kawaida la paani. Siri haikuwa ukubwa wa kila dishi, bali wingi wake, mpangilio wake na usahihi wa kuyaunganisha. Mtambo huo ulilitazama Jua kwa masafa ya gigahezi 17, na baadaye 34 pia, hadi ulipofungwa mwaka 2020. Kazi imebaki kwa Siberia, Uchina na California.

Tufanye hesabu ya saa. Mwanzoni mwa Oktoba, Jua huchwa Badary mnamo saa nane mchana kwa saa zetu. Mingantu, iliyo mashariki zaidi, huwa imeshaingia giza. California Jua halichomozi hadi karibu saa kumi na moja kasorobo jioni ya hapa. Kwa takriban saa mbili na dakika arubaini na tano hakuna mtambo hata mmoja kati ya hiyo mitatu unaoliona Jua. Desemba hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kaskazini ni majira ya baridi na mchana ni mfupi. Siberia hupoteza Jua mnamo saa sita ya adhuhuri yetu, na California hulipata saa kumi na mbili jioni. Alasiri yetu nzima haina mlinzi wa aina hiyo.

Machakos, kwa upande wake, ina mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Ikweta haina msimu wa giza. Mawingu ya Julai na Agosti yanayowaudhi wanaoanika mahindi hayayazuii sana mawimbi ya maikrowevu ya masafa ya chini. Kwa kazi ya kulilinda Jua, mahali hapa ni pazuri kwa asili yake.

Linatuhusu nini?

Msomaji wa Kathiani au Mavoko ana haki ya kuuliza Jua likilipuka yeye anapungukiwa nini. Aanze na shamba lake. Wapimaji wengi wa ardhi siku hizi wanatumia vipokezi vya setilaiti vinavyoweza kuonyesha mpaka kwa usahihi wa sentimita chache. Usahihi huo unategemea mawimbi yanayopita katika ionosfia, tabaka la hewa lenye umeme linaloanza makumi ya kilomita juu yetu. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, na pande zake mbili, kaskazini na kusini, ndipo elektroni hulundikana kwa wingi, hasa alasiri. Machakos iko kwenye mteremko wa lundo la kusini. Jua likichachamaa, lundo hilo hukua na kubadilika haraka. Baada ya machweo tabaka hilo huweza kutoboka viputo vinavyoyumbisha mawimbi ya GPS hadi karibu usiku wa manane. Katika kaunti ambako kesi za mipaka haziishi, mpimaji ana haja ya kujua kama kosa la siku ile lilitoka kwenye kifaa chake au angani.

Mlipuko wenyewe pia unaweza kuzima mawasiliano ya redio ya masafa mafupi, yale yanayotumiwa na marubani juu ya bahari. Athari hiyo huwa kali zaidi pale Jua lilipo utosini, yaani katika nchi za ikweta wakati wa mchana. Na kuna kelele za moja kwa moja. Tarehe 6 Desemba 2006 Jua lilitoa kelele kubwa hivi kwamba vipokezi vya GPS katika upande wa dunia uliokuwa mchana vilipoteza mawimbi ya setilaiti. Tarehe 4 Novemba 2015, Jua likikaribia kuchwa, rada za kuongozea ndege nchini Sweden zilivurugika na anga ya kusini mwa nchi hiyo ikafungwa kwa muda. Februari 2022 dhoruba ya sumaku isiyo kubwa iliifanya hewa ya juu itanuke, na setilaiti zipatazo 40 za Starlink zilizokuwa zimetoka tu kurushwa zikaanguka na kuteketea. Mei 2024 dunia ilipata dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, ya kwanza tangu 2003.

Kulitazama Jua hakuzuii lolote kati ya hayo. Kunampa mwongoza ndege, mpimaji na mhandisi wa mtandao jibu la haraka: tatizo ni la Jua, subiri, au si la Jua, tafuta kwingine.

Mita tatu na nusu

Kazi hii inaweza kuanzia uwanja wa shule. Kwenye gigahezi 11, urefu wa wimbi ni sentimita 2.7. Chukua vipokezi viwili, viweke mashariki na magharibi, mita mbili kati yake. Jua likipita juu, milia itaonekana wazi, mmoja kwa kila dakika tatu hivi. Viachanishe zaidi, na milia itaanza kufifia, kwa sababu sasa upande mmoja wa Jua uko kwenye mlia wenye nguvu huku upande mwingine uko kwenye mlia dhaifu. Ukifika karibu na mita tatu na nusu, milia inapotea. Urefu wa wimbi, ukigawanywa kwa umbali huo, unakupa makadirio ya upana wa Jua: karibu nusu nyuzi. Mwanafunzi amelipima Jua kwa futi ya kamba na LNB. Akizidi kuviachanisha na milia ikarudi kwa nguvu isiyotarajiwa, huenda ameanza kuona madoa.

Kuna kikwazo kimoja ambacho fundi yeyote ataking'amua: kila LNB ina saa yake ya ndani, na saa mbili haziendi sawasawa. Njia ya kukiepuka ipo. Mwaka 2016 Profesa Jin Koda wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, na wenzake walichapisha maelezo ya mtambo wa kufundishia unaotumia dishi moja na vioo bapa viwili vinavyosogezwa. Mawimbi kutoka kwenye vioo vyote viwili huishia katika LNB moja, na tatizo la saa linakwisha. Taasisi ya Haystack ya MIT nayo ilibuni mtambo mdogo wa wanafunzi kwa kutumia LNB za televisheni. Tahadhari ni moja: dishi au kioo kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia kisielekezwe kwenye Jua, kwani joto litakaloelekezwa kwenye LNB litaiyeyusha. Rangi hafifu isiyong'aa inatosha.

Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu, na wengi wamechagua mkondo wa sayansi na teknolojia. Walimu wanalalamikia uhaba wa vifaa vya maabara. Hiki hapa kifaa ambacho sehemu zake ziko paani na katika duka la fundi.

Kutoka uwanjani hadi Konza

Kenya si ngeni katika mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Mwaka huo huo kituo cha Longonot kilianza kuiunganisha nchi na dunia kwa dishi kubwa. Kenya ni mshirika wa mradi wa darubini ya redio ya SKA, na dishi la Longonot lilitajwa miongoni mwa yale ambayo yangegeuzwa kuwa darubini. Ghana ilikuwa katika mpango huohuo, na mwaka 2017 ilizindua darubini yake ya mita 32 pale Kuntunse, iliyotokana na dishi la mawasiliano lililokuwa limestaafu. Aprili 2023 setilaiti yetu ya Taifa-1 ilikwenda angani.

Machakos ina Chuo Kikuu chake kilichopata hati mwaka 2016. Jirani yake, upande wa Makueni, kuna Konza, ambako serikali imekusudia kujenga jiji la teknolojia pamoja na taasisi ya sayansi ya Kenya-AIST inayogharamiwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Konza penyewe pengine si mahali pa kuweka antena, kwani kompyuta na minara ya simu hutoa kelele. Lakini kaunti ina mabonde nyuma ya vilima vya Iveti na Mua, na ina Yatta na Masinga ambako nyumba ziko mbalimbali. Data inaweza kwenda Konza kwa nyaya za faiba. Antena zikae palipo kimya.

Hatuhitaji kuanza na antena mia. California hutumia kumi na ushei tu, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 2.1. Kikundi cha antena nne au tano kinachofanya kazi kila siku, na kinachotoa takwimu zake wazi kwa yeyote, kingejaza sehemu ya pengo la alasiri na kulea wahandisi wanaojua mawimbi, saa za usahihi na uchambuzi wa data. Mamlaka ya Mawasiliano inaweza kusaidia bila gharama kubwa kwa kulinda masafa yaliyotengewa sayansi kimataifa, kama yale ya megahezi 1400 hadi 1427, na kupima ukimya wa maeneo hayo kabla minara haijafika huko.

Wito wangu ni wa pande tatu. Walimu wa fizikia wa Machakos waanze na kioo, LNB na kamba ya kupimia. Chuo kikuu kiwape wahandisi wake vijana uwanja na muda. Na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, liuweke ulinzi wa Jua katika bajeti, karibu na setilaiti na picha za kilimo. Jua litalipuka tena alasiri. Wakati huo swali la nani alikuwa akitazama lipate jibu lenye anwani ya Kenya.